Kata Kona Uone

(Mazungumzo na vijana na familia baada ya sala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)



Wazazi wetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma karibu na mlango, karibuni. Najua saa hizi koo zimekauka, na mtu aliyefunga hapendi maneno marefu. Basi nitajaribu kwenda moja kwa moja.

Nimeambiwa nizungumze juu ya safari. Labda wewe unatarajia nikueleze hukumu za msafiri, kufupisha sala, kufungua na kulipa. Hayo mashekhe zetu wameshayaeleza vizuri kuliko mimi, waulize. Mimi nataka tuzungumze jambo dogo ambalo halisemwi sana, nalo ni raha ya kukata kona. Uko njiani na gari, safari yako ina mwanzo wake na mwisho wake. Mara unaona kibao kando ya barabara, au mzee aliye kiti cha nyuma anasema neno, au mtoto anauliza swali. Unaiacha lami, unaingia njia ambayo hukuipanga. Unakaa saa moja, pengine saa mbili, kisha unarudi barabarani na kuendelea na safari yako.

Na tuelewane mapema, wasije akina mama wakanifahamu vibaya. Nasema njia ya kando. Sisemi mpango wa kando!

Nitachukua mfano wa sehemu moja tu, Kisii na Nyamira. Kwa nini huko? Kwa sababu ni sehemu ambayo wengi wetu huipita na wachache huifika. Anayetoka Nairobi kwa njia ya Narok, Bomet na Sotik akienda Migori, anapita hapo. Anayetoka Kisumu akienda mpaka wa Isebania kuingia Tanzania, anapita hapo. Idd ikikaribia magari yanapita yamejaa watoto, mabegi na mikebe ya keki. Lakini muulize mtu huyo, "Kisii umepaonaje?" Atakujibu, "Kuna ndizi na foleni." Basi, hayo tu ndiyo aliyoyaona.

SAFARI YA DIRISHANI

Hebu fikiria safari zetu za siku hizi. Tunaondoka baada ya daku, kila mtu na simu yake. Dereva anaangalia saa. Mama anauliza tumefika wapi, anajibiwa "bado". Watoto hawaangalii nje. Mtoto anaweza kusafiri kilomita 300 kutoka Nairobi hadi Kisii, na ukimuuliza ameona nini, akakutajia katuni aliyoitazama.

Mimi simlaumu mtoto. Sisi wakubwa ndio tuliomfundisha kwamba safari ni kufika. Kila kilichoko katikati tumekifanya adui. Mji ni foleni, soko ni kelele, tuta la barabarani ni kero, na watu wanaoishi hapo ni wale wanaogonga kioo kutuuzia miwa. Hatuwatazami usoni. Tunateremsha kioo, tunatoa shilingi, tunapandisha kioo, tunakwenda zetu.

Wahenga walisema tembea uone. Wewe unatembea, sawa. Je, unaona?

KUTOKA SOTIK HADI KEROKA

Twende sasa mimi na wewe. Umeipita Sotik, unaelekea Kisii. Mbele yako kuna kituo kidogo kinaitwa Chebilat, hapo ndipo Wakipsigis na Wagusii wanapopakana. Jina hilo wengi tulilijua kwenye redio. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huu wa Sotik na Borabu uliwaka. Maduka na nyumba zilichomwa, watu waliuawa, familia zikakimbia kila upande. Ukilisikia jina la mahali kwa njia hiyo, linabaki kichwani mwako hivyo hivyo, kama moshi.

Sasa simama. Kama hukufunga, kwa kuwa ni msafiri au kwa kuwa si Ramadhani, agiza chai. Kama umefunga, nunua parachichi za kufuturia. Salimia watu. Utakuta mama anauza, mteja anabishania shilingi 10, kijana wa boda boda anafuta pikipiki yake, na lugha mbili tatu zinazungumzwa kwenye kibanda kimoja. Dakika 15 zinatosha. Hutakuwa umetatua ugomvi wa nchi hii, lakini siku mtu atakapokuja kukuambia "watu wa kule wako hivi", utakuwa na sura ya mtu kichwani, na hutakubali upesi. Dini yetu imetufundisha kwamba tofauti zetu za makabila ni za kujuana. Je, mtu hujuana na jirani yake kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa?

Endelea. Hapa umeingia Borabu, Kaunti ya Nyamira. Tazama mashamba. Ni mapana, yana ng'ombe wa maziwa na chai iliyonyooka kama zulia. Ardhi hii zamani ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru iligawanywa kuwa makazi ya wananchi. Ndiyo maana vipande vyake ni vikubwa. Kadiri unavyokaribia Keroka, mashamba yanapungua. Nyumba zinasogeleana, migomba inagusana, mahindi yanapandwa mpaka ukingoni mwa barabara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na wengi wao ni wakulima. Ukiyajua hayo, utafahamu kwa nini kijana wa Kigusii unamkuta Mombasa, Nairobi, Marekani, kila mahali. Hakuikimbia kwao kwa kupenda, ardhi ya babu imegawanywa mpaka imekwisha.

Kabla ya kufika Keroka zipo njia za kukata kulia, upande wa Nyamira. Chukua moja. Sikwambii ipi, maana ndiyo raha yenyewe. Baada ya kilomita chache utakuwa katikati ya chai. Utaona wachumaji, kikapu mgongoni, vidole vinakwenda upesi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Utaona kibanda cha kupimia majani, watu wamekaa na vikapu vyao wakingoja lori la kiwanda. Huko viko viwanda vya wakulima wadogo, kama Nyansiongo, Kebirigo, Tombe na Sanganyi. Muonyeshe mtoto. Mwambie kikombe anachokunywa kila asubuhi kinaanzia hapa, kwa mama huyu aliyeloa umande. Somo hilo atalikumbuka hata akiwa mzee, na hukulipa karo.

Keroka yenyewe ina kisa chake. Ni mji uliokaa juu ya mpaka, upande mmoja Kaunti ya Kisii, upande mwingine Kaunti ya Nyamira, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 zimewahi kuvutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Lakini muuza ndizi hajali. Mkungu wake uko Nyamira, mteja wake yuko Kisii. Nunua ndizi mbivu hapo Alasiri, uziweke kwenye gari. Ukizifungulia Magharibi utaniombea dua.

"SIKU NYINGINE, BABA"

Ndugu yangu, hapa naomba unisikilize vizuri, maana kukata kona si mchezo wa matembezi tu.

Familia nyingi za Waislamu wa nchi hii zimewahi kupitia miji ya bara. Mzee alikuwa karani wa serikali, au dereva wa lori, au fundi, au mwalimu wa madrasa, au mwenye duka la nguo. Alikaa Kisii miaka mitatu, Nyamira miaka miwili, kisha akahamishwa. Leo amezeeka, unampeleka kwa ndugu zake kwa ajili ya Idd. Amekaa kimya kiti cha nyuma tangu Narok. Mkifika karibu na Kisii anainua kidole na kusema, "Njia ile pale, tulikuwa tukishuka kwa miguu mpaka mtoni. Kulikuwa na nyumba yenye mti mkubwa."

Wewe unasema nini? Unasema, "Siku nyingine, baba. Tumechelewa."

Mzee anashusha kidole. Habishani, kwa sababu wazee wetu hawapendi kuwa mzigo. Na gari linapita.

Mimi nakwambia, siku nyingine huja bila baba. Utaipita njia ile ile, utaitazama ile kona, na hutajua ni mti gani, ni mto gani, ni nyumba gani. Hakuna ramani ya simu itakayokuonyesha. Kile kidole ndicho kilikuwa ramani, na ulikuwa nacho ndani ya gari.

Basi ukiona kidole kimeinuka, washa taa ya kona. Huenda mkafika na mti usiwepo. Huenda nyumba imekuwa ghorofa, na mto umebaki kijito. Haidhuru. Mzee atasimama, ataangalia huku na huku, na ataanza kusimulia mambo ambayo hujawahi kuyasikia tangu uzaliwe. Alivyofika na sanduku moja. Mvua ya mawe iliyotoboa mabati. Jirani Mgusii aliyemletea ugali wa wimbi alipokuwa na homa. Wajukuu watamzunguka. Saa nzima hiyo ni wema kwa mzazi, tena wema mwepesi, ni mafuta kidogo ya gari tu.

TABAKA KWENYE MAWE

Sasa umeupita mji wa Kisii, unaelekea Migori. Ukishaipita Suneka, kabla ya Rongo, kuna njia ya kushoto inakwenda Tabaka. Kutoka mjini ni kama kilomita 25 hivi. Huko ndiko yanakotoka yale mawe laini ya Kisii, mawe ya sabuni, unayoyaona yamechongwa kuwa sahani na vinyago kwenye maduka ya watalii Nairobi na Mombasa.

Ukiingia Tabaka huhitaji kuuliza sana. Utasikia mwenyewe mlio wa panga na patasi kwenye jiwe. Wanaume hulichimba jiwe kwenye machimbo ya wazi, kwa sururu na mtaimbo, kisha hulichonga likiwa na unyevunyevu, maana likiwa hivyo huwa laini zaidi. Akina mama hukaa na karai za maji, wakisugua kwa msasa mpaka jiwe liwe nyororo kama yai. Kisha hupakwa nta, likang'aa. Yako mawe meupe, ya kijivu, ya rangi ya waridi, ya manjano. Kutoka upande huo ametokea msanii Elkana Ong'esa, ambaye mchongo wake wa ndege wa amani uko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe la kijijini, limefika Ufaransa!

Kama hupendi kuweka sanamu nyumbani, usiogope, ziko bakuli, sahani, visahani vya sabuni na vishikio vya vitabu. Bakuli la tende la Tabaka mezani kwako wakati wa futari, mashaallah, linapendeza.

Lakini usinunue tu. Tazama. Tazama vumbi jeupe lilivyowakaa kwenye nyusi na mapafuni mwao. Tazama mashimo marefu yaliyoachwa, ambayo mvua ikinyesha ukingo wake unaweza kuporomoka. Kisha jiulize, yule mwenye duka la mjini anayekuuzia kwa bei ya juu, ni kiasi gani kinachorudi kwa mama huyu mwenye karai? Ukinunua hapa hapa, kwake, pesa yako inaingia mkononi mwake. Tena usimpunguzie bei mpaka akahema. Mtu amefanya kazi kutwa nzima, wewe unamkazania shilingi 20 nawe ndani ya gari umeacha mkoba wa maelfu.

MTO MMOJA, MAJINA MAWILI

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa barabara kuu hawezi kulijua. Kule Nyamira, kwenye vilima vya Kiabonyoru, unaanza mto Gucha. Unashuka polepole kupitia nchi ya Wagusii, ukipokea vijito, unapita Ogembo. Halafu unaingia nchi ya Wajaluo upande wa Migori, na huko unaitwa Kuja. Maji ni yale yale mpaka yanaingia Ziwa Victoria.

Ukisimama kwenye daraja mojawapo, waonyeshe watoto. Waambie anayechafua maji huko juu, anamchafulia mtu anayeuita mto huu kwa jina jingine, na ambaye hatamwona maisha yake yote. Vijana mnaosoma mazingira shuleni, hilo ni darasa. Sisi wengine ni somo la ujirani.

MANGA NA JUA LA MAGHARIBI

Ukiwa mjini Kisii na una muda wa Alasiri, panda Manga. Iko upande wa Nyamira, lakini kutoka mjini Kisii si mbali. Ni ukingo mrefu wa mlima uliosimama kama ukuta. Ukifika juu, nchi yote iko chini yako, migomba, mabati yanayometa, moshi wa majiko ya jioni. Siku ya anga safi unaliona ziwa, Ghuba la Winam, kama kipande cha kioo mbali magharibi. Watoto wataacha simu wenyewe, huna haja ya kuwaambia.

Na hapa kuna faida ya mfungaji. Wewe mtu wa Mombasa, ile ratiba ya futari uliyoibandika kwenye friji nyumbani haifai Kisii. Dunia inazunguka digrii moja kwa kila dakika 4, na Kisii iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii 5. Kwa hivyo jua la Kisii linatua kiasi cha dakika 20 baada ya la Mombasa, na dakika 8 hivi baada ya la Nairobi. Ukifungua kwa saa ya Mombasa, utafungua jua likiwa bado linakutazama! Ukikaa Manga huna haja ya kubishana na mtu. Unaliona lenyewe linazama.

Lakini usikae juu mpaka giza likukute, njia za huko zina kona kali. Shuka mapema, urudi mjini kwa sala. Kisii msikiti upo, na upo mtaa unaoitwa Nubia, ukumbusho wa familia za Wanubi, vizazi vya askari waliotoka Sudan na kutumikia jeshi la King's African Rifles. Mji wenyewe ulianza 1907 kama kituo cha Waingereza, na Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana hapo. Vita vile vimekwisha, na waliobaki ni watu, na misikiti, na misahafu. Ukiingia msikitini wakati wa futari wewe ni mgeni. Utasogezewa tende na uji. Utaulizwa unatoka wapi. Kabla ya Isha utakuwa umejua fulani ni shemeji ya fulani wa kwenu. Hoteli gani itakupa hayo?

ADABU ZA KUKATA KONA

Haya, nisije nikawatia watu porini halafu nikalaumiwa. Kukata kona kuna adabu zake.

Kwanza, jua. Usianze njia ya kando kama imebaki saa moja na nusu au chini yake kabla ya Magharibi. Asubuhi na mchana ndio wakati wake. Na Kisii mvua ni rafiki wa kila siku, hasa mchana ukielekea jioni. Ikinyesha, ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Ukiona wingu zito na gari lako ni la chini, salimia kwa mbali, uendelee na lami.

Pili, mafuta na maji. Tangi lisipungue nusu. Chupa za maji na pakiti ya tende zikae ndani ya gari daima, mfungaji asije akashikwa na adhana njiani bila ya kitu.

Tatu, uliza njia kwa watu watatu. Si unajua sisi Wakenya? Ukimuuliza mtu ni mbali, atakwambia "hapo tu". Hapo tu inaweza kuwa mita 200, inaweza kuwa kilomita 7. Anayetembea kwa miguu kila siku, kwake yote ni hapo tu. Basi uliza wa kwanza, uliza wa pili, na wa tatu akikubaliana nao, nenda.

Nne, salamu kabla ya swali. Jifunze maneno mawili ya wenyeji. Asubuhi waambie "Bwakire". Ukitaka kushukuru sema "Mbuya mono". Utaona meno yote 32. Na mkubwa muite baba au mama, usimpigie mluzi kutoka dirishani.

Tano, omba ruhusa. Usimpige mtu picha akiwa kazini kwake kabla ya kumuomba, usiingie shamba la chai kana kwamba ni bustani ya umma, usiache takataka. Ukipewa kitu, pokea kwa mikono miwili. Ukiwa umefunga, sema kwa upole kwamba uko kwenye saumu. Wataelewa, tena watakuheshimu.

Sita, waarifu wanaokungoja. Piga simu moja tu, "Mama, tumepinda kidogo, tutafika baada ya Isha." Usimuache mtu na chakula mezani anahesabu magari.

KUNA WATAKAOSEMA

Najua kuna watakaosema, "Huyu anatufundisha kupoteza wakati. Tena Ramadhani!" Wengine watasema ni israfu ya pesa.

Tuzungumze hesabu. Kwenda Tabaka na kurudi ni kama kilomita 50. Gari dogo hutumia lita 4 au 5. Ni pesa, sikatai, lakini ni chini ya tunachotumia kwa soda na vibanzi kituo cha mafuta siku isiyo ya saumu. Kama gari ni la kukodi na pesa ni kidogo, basi njia ya kilomita 2 nayo ni njia. Jambo si umbali.

Na wakati je? Hesabu nyingine. Kilomita 40 za mwisho, ukienda mwendo wa 80 ni dakika 30. Ukienda mwendo wa hatari wa 120, ni dakika 20. Kwa hiyo ukikimbiza gari ukiwa na njaa, macho mekundu, jua linakupiga usoni, unanunua dakika 10. Unazilipia kwa nini? Kwa roho za watoto walioko nyuma. Kila Ramadhani mnawaona hao wanaokimbilia futari, wanapita malori kwenye kona, kana kwamba tende haiwezi kuliwa kando ya barabara. Aliyezoea kusimama njiani hana pupa hiyo. Adhana ikimkuta Keroka, anasimama Keroka. Anafungua, anasali, anapumua, anaendelea. Huyo anafika. Na yule mwingine, Mwenyezi Mungu atusitiri, mara nyingine tunasikia habari zake tu.

Ama ibada, mimi sisemi uache kisimamo cha usiku uende kutalii. Nasema safari ambayo ungeifanya vyovyote vile, ya kuwatembelea wazazi, ya Idd, ya mazishi, ya harusi, itie nafasi kidogo ndani yake. Kumtembeza mzazi, kumsalimia usiyemjua, kununua kwa mwenye dhiki bila ya kumdhalilisha, kumuonyesha mtoto mlima na mto akamtaja aliyeviumba bila ya kuamrishwa, wewe niambie, ni lipi kati ya hayo lililo nje ya mwezi huu?

MWISHO

Kijana mwenzangu, wewe ndiye unayeshika usukani siku hizi. Baba macho yamepungua, mama magoti yanauma, funguo ziko mkononi mwako. Idd hii ukiwapeleka, panga safari ya saa 6 kama ya saa 8. Hizo saa 2 usizipangie kitu. Ziache tupu, na uwaambie wote waliomo ndani ya gari kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kusema "hebu simama hapa" mara moja. Bibi ana yake, mtoto wa miaka 7 ana yake, na hata yule shangazi asiyependa kitu naye ana yake. Dereva atakataa kwa sababu moja tu, nayo ni usalama.

Na wewe mzazi, kidole chako usikishushe upesi. Ukiona mahali unapopajua, sema. Sema kwa sauti. Watoto wako hawajui kama kuna kitu cha kuuliza.

Kama njia yako haipiti Kisii, huko unakopita napo kuna watu, kuna mto wenye jina, kuna jiwe linalochongwa. Kitale kuna yake, Voi kuna yake, Garissa kuna yake. Taa ya kona ya gari lako ni ile ile.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awalinde wasafiri wetu wote, na awarudishe salama makwao. Wazee wetu walio hai atupe nafasi ya kuwasikiliza, na waliotangulia awarehemu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.